David "Si Haba": Hotuba juu ya Picha Bubu ya Mwaka 1921



Tumeombwa kusema habari za picha moja ya sinema, nasi tumechagua ya zamani, tena bubu. Huenda wengine wakauliza, kuna faida gani kusimulia picha isiyo na sauti, iliyotolewa Marekani mwaka 1921, juu ya watu wa milimani ambao hatujapata kuwaona? Jibu letu ni kwamba jambo lililomo ndani yake hubisha hodi katika nyumba zote. Mtu wa kwenu akiumizwa na watu wabaya, heshima ya ukoo hulindwa kwa njia gani? Nani wa kuilinda? Na yule atakayeilinda akifa, nani atakayewalisha waliobaki? Wengi hujibu maswali hayo upesi wakiwa wamekaa barazani. Picha hii haijibu upesi, na ndiyo sababu twaipenda.

Jina lake ni Tol'able David. Neno la kwanza ni matamshi ya watu wa milimani, ambao hulikata neno la Kiingereza lenye maana ya kitu cha kuvumilika, kisichokuwa kizuri sana wala kibaya. Lugha yetu inalo neno lililo karibu nalo mno, nalo ni "si haba". Mtu akiulizwa habari za mavuno, husema si haba; akiulizwa hali ya mgonjwa, husema si haba. Ni neno la adabu na la kushukuru. Walakini mwambie kijana anayetamani kuitwa mwanamume kwamba yeye si haba, utakuwa umemwambia akae chini pamoja na watoto. David ndiye kijana huyo. Yeye ni kitinda mimba katika nyumba ya wakulima wanaoitwa Kinemon, na kila anapojaribu kunyosha kifua huambiwa kwamba bado.

Kwanza tuseme kidogo juu ya picha bubu, kwa ajili ya wale wasiozijua. Wachezaji husema, lakini sauti haisikiki. Maneno machache yaliyo ya lazima huandikwa juu ya kibao, yakaonekana kitambo, kisha picha zikaendelea. Katika majumba ya sinema ya siku zile mpiga piano au kikundi cha wapiga muziki walikaa mbele wakifuata mambo yanayotokea. Kwa hiyo mtengenezaji wa picha hakuwa na njia ya kumweleza mtazamaji kwa maneno mengi kwamba fulani ni mwema na fulani ni mwovu. Ilimpasa amwonyeshe kwa tendo. Jambo hili tutalirudia, kwa maana ndilo lililoifanya picha hii isifiwe hata Urusi.

Hadithi yenyewe iliandikwa na Joseph Hergesheimer, ikapigwa chapa mwaka 1917 katika gazeti la Marekani liitwalo Saturday Evening Post. Haki ya kuitengeneza kuwa sinema ilikuwa kwanza mikononi mwa bwana mkubwa wa picha bubu, D. W. Griffith, baadaye akaipata mchezaji wake, Richard Barthelmess. Huyu pamoja na mwelekezi Henry King walikuwa wamo katika kampuni mpya, Inspiration Pictures, na hii ikawa picha yao ya kwanza. Barthelmess alizaliwa mwaka 1895, basi alikuwa mtu mzima wa miaka 26 alipoigiza kijana ambaye hajaanza kunyoa. Mtu angedhani itakuwa kichekesho. Tazama jinsi anavyosimama, mikono haijui pa kukaa, na jinsi anavyokimbia, utasahau miaka yake.

Henry King alikuwa mzaliwa wa Virginia, nchi ya milima hiyo hiyo. Hakukubali kujenga kijiji cha mbao na karatasi mjini. Aliwachukua watu wake mpaka Blue Grass, katika wilaya ya Highland, Virginia, karibu na mpaka wa West Virginia, akapiga picha huko. Kwa hiyo ua wa mbao uonekanao umejengwa na mkulima kwa kuzuia ng'ombe wake, na njia ya mawe ni njia ambayo watu walipita siku zote. Sisi tuliokulia mashambani tuliona hayo mara moja. Mji haujui kuiga shamba. Hukosea daima, hata katika namna ya kuegemeza jembe ukutani.

Sasa tuje kwenye habari. Wakina Kinemon hawana shamba lao wenyewe. Wanalima shamba la kukodi. Baba ni mtu mwenye nguvu na mcha Mungu, mama ni mtu wa kazi, na mwana mkubwa, Allen, anayo kazi ambayo kijiji kizima huiheshimu: anaendesha gari la farasi lichukualo abiria na mfuko wa barua za serikali. Allen ana mke, naye mkewe amezaa mtoto mchanga. David anamtazama kaka yake akiwa juu ya kile kiti cha mwendeshaji kama vile mtoto amtazamavyo nahodha. Hana tamaa ya fedha wala ya mji. Tamaa yake ni kushika hatamu zile na kukabidhiwa mfuko ule. Tena yumo msichana wa jirani, Esther Hatburn, akaaye na babu yake, na David angependa msichana huyo asimwone kuwa mtoto.

Ndipo wanapofika wageni. Ni watu watatu waliovuka mpaka wakiikimbia serikali: mzee Iscah Hatburn na wanawe wawili, mkubwa wao akiitwa Luke. Ni jamaa wa mbali wa babu yake Esther. Hawakubisha hodi kwa unyenyekevu. Waliingia, wakakaa, wakala. Yule mzee hawataki, na msichana anawaogopa, lakini ni ndugu. Hapa, mabwana, tuliiona habari ya kwetu kabisa. Desturi yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walakini nani wa kumpa jembe mgeni aliyekuja na bastola? Husemwa pia kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wengi wamelishika neno hilo kwa kufungua mlango ambao ingewapasa waufunge. Babu wa Esther si mtu mbaya. Ni dhaifu, na udhaifu wake umevaa joho la wema kwa jamaa. Twaona kwamba msiba wote wa picha hii umeanza mlangoni pake, kabla ya jiwe wala risasi. Wapo waliotazama pamoja nasi waliosema tumemwonea mzee bure, kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kuwazuia. Labda. Lakini hata asiyeweza kuzuia aweza kupeleka habari.

Tazama sasa jinsi Luke anavyojulishwa kwetu. Aliyemcheza ni Ernest Torrence, mzaliwa wa Edinburgh, Scotland, mtu mrefu kupita kiasi, aliyekuwa mwimbaji wa opera kabla hajaingia katika sinema. Yuko karibu kuingia nyumbani, akasimama, kitu kimemvuta jicho. Twaona uso wake. Kisha twaona anachokitazama: mtoto wa paka amelala juani. Kisha twamwona tena Luke, ameinua jiwe zito, tayari kumponda mnyama yule asiyemkosea kitu. Mwenzake, aliyekuwa akiingiza mizigo, akampiga kikumbo kwa bahati, jambo likapita. Basi. Hakuna kibao kilichoandikwa kwamba huyu ni katili, wala haikuhitajiwa. Mrusi Vsevolod Pudovkin, ambaye mwenyewe alikuwa mtengenezaji mkubwa wa picha bubu, alipoandika kitabu cha kufundisha kazi hiyo katika mwaka 1926 alikitwaa kipande hiki, akakieleza hatua kwa hatua, kiwe mfano kwa wanafunzi.

Sisi tunataka kuongeza neno moja juu ya jiwe lile. David wa picha husoma katika Biblia habari za Daudi na Goliathi, na mtazamaji anaelewa mara moja kwamba jina hakupewa ovyo. Yule Daudi wa kale naye alikuwa mwana wa mwisho wa Yese, aliyetumwa kuwapelekea kaka zake chakula, na kaka yake mkubwa akamkemea kwamba amekuja kutazama vita tu. Lakini katika Maandiko jiwe lilikuwa mkononi mwa mdogo. Katika picha hii jiwe limo mkononi mwa jitu. Luke aliinua jiwe juu ya paka. Na alipokuja kumwumiza Allen, alimwumiza kwa jiwe. Hatujui kama King alikusudia hivyo, lakini sisi tulipoiona mara ya pili tulishtuka. Dunia aliyozaliwa David huyu ni dunia ambayo wenye nguvu wameziteka hata silaha za wanyonge.

Jinsi ilivyotokea ni hivi. Wahatburn walimwua mbwa wa David. Huenda mtu akacheka kwamba ugomvi wa koo mbili umeanzia kwa mbwa. Sisi hatucheki, kwa maana tumesikia mashauri yaliyoanzia kwa kuku. Allen, aliyekuwa akipita na gari lake la barua, aligombana nao kwa ajili ya tendo lile, na Luke akampiga kwa jiwe, naye akaletwa nyumbani akiwa kilema. Mkewe yuko palepale na mtoto mchanga. Baba akatazama, asiseme mengi. Akaichukua bunduki. Hakutaka kumwita mkuu wa polisi wa wilaya. Kwake yeye mwanawe ni wake, na deni ni lake, wala deni la damu halipelekwi ofisini kuandikwa katika daftari. Akageuka ili atoke, moyo wake ukasimama, akafa.

Hapo ndipo picha inapofika kileleni, ingawa wengi hudhani kilele ni yale mapigano ya baadaye. Baba amelala maiti, kaka amelala kitandani hawezi kusimama, na bunduki ipo. David ndiye mwanamume aliyebaki. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna wa kumwambia kwamba bado. Nafasi aliyoitamani imemjia, tena imekuja ikiwa na mavazi ya heshima yote: baba amekufa akienda, basi mwana aende. Anauendea mlango. Mama anamkamata.

Marion Abbott ndiye aliyecheza mama. Anamshika mwanawe miguu, hamwachi. Kijana anavuta mguu, na mama anavutwa pamoja nao. Anamwambia kwamba atakufa, na kwamba nyumba yote sasa inamtegemea yeye: mama yake, kaka yake kilema, mke wa kaka na kile kitoto. Maneno hayo yako kwenye kibao, lakini aliyemwona mwanamke yule hana haja ya kibao. Husemwa kwetu kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Methali hiyo twaitaja mara nyingi kwa mzaha. Mama huyu haitaji kwa mzaha. Kilio kimekwisha kuingia nyumbani mwake mara mbili kwa siku moja, naye anakatalia mlangoni kisiingie mara ya tatu.

Tulipoitazama picha hii pamoja na rafiki zetu, kulitokea ubishi mkubwa juu ya mlango ule. Mmoja, mtu wa makamo, alisema kwamba mwana aliyezuiliwa na mama yake asimlipie baba yake hawezi tena kutazamana na watu. Mwingine, ambaye baba yake alimwacha akiwa na wadogo watano, alimjibu kwa ukali kwamba watu hao wa kutazamana nao hawakumletea hata kibaba cha unga. Tukanyamaza wote. Sisi kwa upande wetu twaona kwamba picha inampa mama haki, tena inampa haki bila kumfanya mwanawe asione haya. David anabaki nyumbani, na kubaki kwake kunamwuma kuliko risasi. Hili ni jambo gumu kuonyesha bila sauti, na Barthelmess amelionyesha kwa mabega yake tu.

Yaliyofuata yanapita upesi, nasi tutayapitisha upesi. Mwenye shamba hakuwa na haja na wapangaji wasio na mlimaji, wakaondolewa, wakahamia nyumba ndogo kijijini. David akaomba kazi ya kaka yake ya kuendesha gari la barua. Akaambiwa yeye ni mdogo. Akapata kazi dukani, na kila siku akalitazama gari likiondoka na mtu mwingine juu yake. Twaomba msisahau kipande hiki, maana wengi hukisahau wanaposimulia mapigano. Kijana aliyekataa kwenda kufa kwa ajili ya jamaa yake sasa anafagia duka kwa ajili yao. Hakuna ngoma inayopigwa kwa heshima ya namna hiyo.

Hata siku moja yule mwendeshaji akalewa, akafukuzwa, na kwa kuwa hapakuwa na mwingine, David akapewa hatamu. Akaendesha. Na kwa bahati mbaya, karibu na nyumba ya Wahatburn, mfuko wa barua ukaanguka, naye hakujua. Luke akauokota.

Sisi tulioshika kazi za ofisini twajua mfuko wa barua ni kitu gani. Kwa macho ni gunia tu. Lakini aupokeaye hutia sahihi, na autoaye hutia sahihi, na lakiri ikionekana imevunjwa mtu ataulizwa hata jasho limtoke. Ndani yake mna fedha ya mtu asiyemjua mwendeshaji, mna habari ya msiba, mna posa, mna hati ya shamba. Wote hao wamemwamini mtu mmoja ambaye hawatamwona kamwe. Kwa hiyo David alipotambua kwamba mfuko haupo, hakuwaza tena habari za baba wala za kaka. Aliwaza mfuko. Akaenda kwa Wahatburn, akaingia katika nyumba ile ile ambayo mama yake alimshika miguu asiiendee, akauomba kwa mdomo. Akakataliwa. Wakabishana, na mara akapigwa risasi ya mkono. Ndipo naye alipofyatua bastola, akampiga mzee Iscah na yule mwana mdogo. Akabaki Luke. Wakashikana, kijana mwenye jeraha na jitu lile, na wakati huo Esther anakimbia kuelekea kijijini kuomba msaada. King anatupeleka huku na huku, mara nyumbani kwenye mieleka, mara njiani kwa msichana, hata mtazamaji hajui amfuate nani. Msichana anafika, anasema David ameuawa. Watu wanajikusanya waende. Kabla hawajaondoka, gari linaonekana linakuja. David yuko juu ya kiti, damu inamtoka, na mfuko wa barua anao. Akaanguka.

Lazima tuseme neno hapa ambalo huenda wapenzi wa picha hii wasilipende. Hergesheimer na King wamemrahisishia David mambo. Walimnyima kisasi mlangoni pa mama yake, kisha wakamrudishia chote kwa mlango wa nyuma. Hakwenda kulipiza, lakini kisasi kimelipwa. Hakumwasi mama, lakini wale watatu wameshindwa mikononi mwake. Amekuwa mwaminifu kwa kazi, kwa baba, kwa kaka na kwa mbwa, yote kwa mchana mmoja. Katika maisha watu hawapati bahati hiyo. Mfuko unaangukia mahali pengine, au wauaji wanakuwa wamehama, na mtu huzeeka akiwa amebaki na lile alilolichagua mlangoni, bila kujua kama alichagua vema.

Walakini twaona pia kwamba kuna tofauti ambayo picha imeilinda kwa uangalifu, na mtazamaji mwenye haraka ataipita. Baba alitoka kwenda kuua. David alitoka kwenda kuomba. Baba hakutaka neno na mtu. David alianza kwa neno. Na alipomaliza hakukaa pale kuwatazama walioanguka wala kujisifu. Alitafuta mfuko, akapanda garini, kwa maana barua zilikuwa zimechelewa. Mwenye kutaka kuuita huo kisasi na auite, lakini ni kisasi ambacho mwenyewe hana nafasi ya kukishangilia.

Milima ile ina historia yake katika mambo haya, nayo si ya kubuni. Katika mpaka wa West Virginia na Kentucky palikuwa na koo mbili, Hatfield na McCoy. Mwaka 1878 waligombana juu ya nguruwe, shauri likapelekwa barazani. Mwaka 1882, siku ya uchaguzi, Ellison Hatfield alijeruhiwa na vijana watatu wa McCoy, ndugu wa tumbo moja. Alipokufa, vijana hao watatu nao wakauawa na watu wa upande wake. Mwaka 1888, siku ya mwaka mpya, nyumba ya mzee Randolph McCoy ilishambuliwa, ikachomwa, na wawili katika watoto wake wakafa. Mtu mmoja wa upande wa Hatfield akanyongwa kwa hukumu ya serikali mwaka 1890. Wamarekani waliokwenda kutazama David mwaka 1921 wengi walikuwa wamezaliwa kabla ya siku hizo kwisha, na jina Hatburn liliwagonga sikio. Kwao bunduki ya baba Kinemon haikuwa pambo la hadithi.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1923, mchekeshaji Buster Keaton aliligeuza jambo hilo hilo kuwa kicheko katika picha yake Our Hospitality. Kijana wa ukoo wa McKay anakaribishwa chakula na msichana, kumbe nyumba ni ya Wacanfield, maadui wa baba yake. Wenye nyumba wana sheria: mgeni hauawi akiwa ndani. Basi kijana akatafuta kila hila asitoke. Mwishoni, baada ya harusi, wenye nyumba wanaweka bastola zao chini, na bwana arusi naye anaanza kutoa zake alizozificha nguoni, moja baada ya moja, hata zinakuwa rundo. Picha hizo mbili zafaa zitazamwe kwa jioni mbili mfululizo. Tuanze na ya kulia.

Picha ya David ilipokelewa kwa sifa. Gazeti la Photoplay, ambalo wasomaji wake walichagua picha bora ya mwaka, liliipa nishani yake ya mwaka 1921. Mwaka 1930, sauti ilipokwisha kuingia katika sinema, kampuni ya Columbia iliitengeneza upya ikiwa na maneno na mchezaji mwingine, Richard Cromwell. Hiyo ya pili ni wachache wanaoikumbuka. Ya bubu ndiyo iliyodumu. Mwaka 2007 ilitiwa katika orodha ya picha ambazo Maktaba ya Bunge la Marekani huzihifadhi kwa ajili ya taifa. Barthelmess alifariki mwaka 1963, naye Henry King, aliyeendelea kutengeneza picha kwa miaka mingi baadaye, alifariki mwaka 1982.

Jambo la mwisho ni kwa wale watakaopata nafasi ya kuitazama. Msiitazame kwa mashaka kwa sababu haina sauti. Baada ya robo saa masikio yenu yatasahau. Mtakapofika pale mlangoni, msimtazame David peke yake, kama watazamaji wengi wafanyavyo. Tazameni mikono ya mama, jinsi inavyoteleza kutoka gotini hata kifundoni, na jinsi inavyoshika tena.